Shangazi Hakuja Kuogelea

Shangazi yangu alianguka ndani ya bwawa la kuogelea la hoteli asubuhi na mapema, akiwa na mtungi wa maziwa ya ngamia kifuani, na mpaka leo nikikumbuka naanza kucheka kabla sijaanza kuhuzunika. Msinione mbaya. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuicheka habari hii, ila alichukua muda kufika hapo, na muda wote huo hakumruhusu mtu kucheka mbele yake.

Nianze na bwawa lenyewe. Ugatuzi ulipokuja Isiolo, kaunti ilikuja na semina, semina zikaja na wageni, wageni wakataka hoteli. Hoteli zikaota kila upande wa mji, na kila mwenye hoteli akataka kumshinda jirani yake. Mmoja alitia feni ukumbini, mwingine runinga kila chumba. Huyu wetu akachimba bwawa. Katika mji ambao watu wanapanga mitungi kwa foleni kungoja maji ya mfereji, yeye alichimba shimo, akalipaka rangi ya samawati, akalijaza maji na kutangaza kwamba ni ya watu kuchezea. Wazee wafugaji kutoka Kulamawe walipokuja mjini kwa shughuli zao walipitia kulitazama, na mmoja akauliza, kwa heshima kabisa, mifugo italetwa saa ngapi.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa anauza maziwa. Yalikuwa yanafika kutoka Kulamawe kwa gari la alfajiri, yeye anayapokea, anayaonja, anayagombania, kisha anayasambaza. Hoteli ile ilikuwa mteja wake. Alikuwa na mdomo, na sisemi hivyo kwa kumtukana. Akitaja bei sokoni, waliokuwa ng'ambo ya barabara walijua wasijisumbue kuvuka. Alikuwa mjane, mtu wa swala tano, mwenye buibui jeusi lililopigwa pasi hata siku ya vumbi. Sauti na heshima yake ndivyo vilivyokuwa mtaji wake.

Wiki ile hoteli ilikuwa inaandaa harusi. Upepo ulivuma siku nzima, vumbi likawa linaingia majini, basi mfanyakazi mmoja akaambiwa alifunike bwawa. Alivuta turubai kubwa juu ya maji, akalibana pembeni kwa mawe, akaenda zake. Hakuweka kamba wala ua, na upande ule wa jikoni hapakuwa na hata kibao. Viti vya harusi vikarundikwa kwenye kijia ambacho shangazi alikuwa anapitia kila siku kutoka lango la nyuma.

Asubuhi akafika, akakuta njia imezibwa na viti, na kando yake turubai limetandikwa likanyooka. Akajua ni la wageni wa harusi. Sasa, kwetu turubai likishatandikwa ni mahali pa watu. Hapo watu wanakaa, wanakula, na wakati ukifika wanaswali hapo hapo. Hukanyagi na viatu, hata kama unapita tu. Ukifanya hivyo mama yako ataulizwa alikulea wapi. Shangazi akatua mtungi chini, akavua ndala, akazipanga pamoja pembeni, akabeba mtungi wake, akasema bismillahi, akapiga hatua. Ya kwanza ilikuwa salama kwa sababu bado kulikuwa na saruji chini. Ya pili haikupata kitu.

Mtungi ulimgonga taya. Turubai likamfunika, buibui likajaa maji, na maziwa yote yakamwagika. Kama si mpishi kutoka nje kumwaga maji ya viazi na kusikia mtu anapigapiga majini, tungekuwa tunazungumza habari nyingine leo. Mpishi alimnyooshea mwiko mrefu wa ugali, shangazi akaushika kwa mikono miwili, na kwa mwiko huo akavutwa hadi ukingoni. Alitoka mweupe kichwa hadi miguu. Bwawa lote lilikuwa jeupe.

Mwenye hoteli alipofika, kitu cha kwanza alichotazama ni maji yake. Cha pili ni ndala. Alisimama pale akiziangalia, zilivyopangwa vizuri, kushoto na kulia, na nadhani ndipo shetani alipomnong'onezea. Maana kabla hatujamfikisha shangazi hospitali Meru, habari ilikuwa imeshazunguka mji mzima: mama wa maziwa alivua viatu akaingia kuogelea kwenye bwawa la wageni, buibui na vyote, akazidiwa.

Taya lilikuwa limevunjika pande mbili. Daktari akayafunga meno ya juu na ya chini kwa waya, akasema hatazungumza wala kutafuna kwa wiki kadhaa. Baba alipotafsiriwa maneno hayo alinitazama, mimi nikamtazama, na sote tukaangalia ukutani. Mungu atusamehe. Familia yetu haikuwahi kupata kimya cha namna hiyo. Shangazi akatunga lugha yake ya makofi: kofi moja ndiyo, mawili hapana, na makofi mfululizo yalikuwa matusi. Alitutukana sana wodini.

Akiwa bado huko, mwenye hoteli akatuma wazee watatu nyumbani kwetu na mbuzi dume mkubwa. Baba, ambaye hajawahi kumfukuza mgeni wala mbuzi, aliwakaribisha.

"Tumekuja kwa hii habari ya mama," wakasema.

"Penye wazee hapaharibiki neno," baba akajibu, akifikiri wamekuja kumpa pole.

Hakuna aliyefafanua ni habari gani hasa. Mbuzi akachinjwa. Nilikula maini, na yalikuwa matamu, sitadanganya. Supu baba aliitia kwenye chupa ya chai akanituma niipeleke Meru. Nesi alikataa katakata, akasema mgonjwa anakunywa kile anachopewa na hospitali tu, tena kwa mrija. Nikakaa kwenye benchi nje ya wodi nikainywa yote peke yangu, maana safari ilikuwa ndefu na supu haikuwa na kosa.

Aliyemletea shangazi habari za mji alikuwa mwanamke mwenzake wa sokoni. Alikuja na ndizi ambazo mgonjwa hakuweza kula, akakaa, akasema kwa kumhurumia kabisa: "Lakini dada, kama joto lilikuwa linakusumbua, si ungeniambia tu, kwangu kuna tangi." Shangazi alipiga makofi mawili. Akapiga tena mawili. Yule mama akamshika mkono akamwambia asiaibike, kila mtu ana siku yake. Alipoondoka, shangazi aligeukia ukuta akavuta shuka hadi machoni. Nilimwona mabega yakitikisika. Hapo kicheko kiliniisha, nikapandwa na hasira ambayo sikujua ninayo, kwa sababu kumsingizia mtu ni vibaya, lakini kumsingizia mtu aliyefungwa mdomo kwa waya, huo ni uoga mtupu.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nangoja kazi, maana yake nilikuwa mtumishi wa kila mtu. Shangazi aliporuhusiwa kurudi nyumbani nilimpeleka kwa wakili bila kumwambia baba. Wakili alikuwa dada wa Kimeru mwenye ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nikasimulia, shangazi akipiga kofi kila nilipopatia na mawili nilipotia chumvi.

Wakili alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuambia mambo ambayo sisi hatukuwahi kuyasikia. Kwamba mwenye mahali ana wajibu wa kumlinda kila anayeingia kwa ruhusa, awe mgeni wa chumba au mama wa maziwa wa lango la nyuma. Kwamba kile kibao chake cha upande wa mbele, kilichoandikwa hoteli haitawajibika, si kinga ya uzembe, na isitoshe shangazi hakupita upande huo. Alituuliza kama tulipiga ripoti polisi, akatuagiza tutunze picha za eksirei na karatasi za hospitali zisipotee hata moja. Angeanza na barua ya madai, kwa sababu kesi nyingi huishia hapo, hasa kama hoteli ina bima. Ikishindikana kuna korti, na tusilale, maana kesi ya uzembe wa namna hii sheria inaipa miaka mitatu. Afisa wa afya wa kaunti naye angeweza kuitwa aje aone bwawa lisilo na ua. Alituonya pia kwamba hoteli itasema shangazi mwenyewe ana sehemu ya kosa, na hakimu anaweza kugawa lawama huku na huku.

"Na hata angefariki," akaongeza, akinigeukia, "nyinyi familia mngekuwa na haki ya kudai kwa niaba yake."

Shangazi akapiga makofi mawili kwa nguvu sana.

"Sawa mama, hukufariki," wakili akasema. "Sasa niambie unataka nini hasa. Gharama za matibabu?"

Kofi moja.

"Bwawa liwekwe ua?"

Kofi moja.

"Mwenye hoteli aseme wazi kwamba hukuja kuogelea?"

Shangazi alipiga makofi hadi mwenye duka la chini akamtuma mtu juu kuuliza kama kuna harusi. Wakili alicheka akaweka kalamu chini, na mimi nikacheka, na shangazi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akatoa sauti ndogo puani ambayo naapa ilikuwa kicheko.

Barua ikaenda. Mwenye hoteli alipoisoma hakwenda kwa wakili wake, alikimbilia kwa wazee. Akawaambia maslaha, suluhu ya wazee, ilishafanyika, familia ilipokea mbuzi ikamla, na sasa wanamgeuka na makaratasi. Kwetu jambo hilo ni zito. Nyama ya maslaha ikishaliwa, kesi imekufa, na anayeifufua anaitwa mtu asiye na neno. Baba aliposikia alikosa usingizi. Alikuwa amekula paja zima.

Nilirudi mbio kwa wakili. Akasema kula mbuzi si kutia sahihi, lakini katiba yenyewe inawatambua wazee, kwa hivyo twendeni tukawasikilize, na yeye angekuja kukaa nasi. Sharti lake lilikuwa moja: shangazi asilazimishwe kukubali chochote.

Kikao kikapangwa uani kwetu, siku chache baada ya waya kutolewa. Taya lilikuwa gumu bado. Shangazi aliweza kusema maneno machache tu kwa wakati mmoja, tena kwa sauti ya chini, na alikuwa anajifanyia mazoezi chumbani mlango ukiwa umefungwa. Nilimsikia akitaja bei za maziwa, pole pole, moja baada ya nyingine.

Baba aliwatandikia wazee turubai. Wakaja, salaam aleikum, aleikum salaam, wakakaa. Mwenye hoteli akakaa upande mmoja na watu wake. Wakili akakaa pembeni na faili lake. Sisi wanawake tulikuwa nyuma, karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo unasikia kila kitu na unasemekana husikii.

Mzee aliyeongoza kikao akamgeukia baba. "Hiyo mbuzi mlikula ama hamkukula?"

"Tulikula," baba akasema, akiangalia mikono yake.

"Wote?"

"Nyumba nzima. Lakini mimi nilijua ni ya pole."

Minong'ono ikaanza. Mwenye hoteli akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu aliyesikitishwa na ndugu zake. Mzee akafikiri, kisha akauliza lile ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Na mwenye kuumia? Yeye alikula?"

"Alikuwa Meru," baba akasema. "Amefungwa mdomo."

"Alipelekewa supu," mwenye hoteli akadakia. "Watu waliona chupa."

Isiolo ni mji mdogo jamani. Wote wakageuka kumtazama shangazi, na nikajua nisiposema, kesi inazama kwenye supu. Msichana hasemi kwenye kikao kama kile. Nilisimama.

"Mzee, ile supu nilikunywa mimi."

"Wewe?"

"Nesi alikataa. Nikaketi nje nikainywa."

"Yote?"

"Yote, mzee. Na chumvi ilikuwa imezidi."

Mzee mmoja alicheka hadi akaanza kukohoa, ikabidi apigwe mgongo. Hata wakili aliinamisha uso ndani ya faili. Kiongozi akangoja watulie, akasema kwamba mbuzi aliyeliwa na midomo mingine hawezi kufunga kesi ya mdomo uliovunjika, na hiyo mbuzi ihesabiwe ni ya pole, ahsante, na maneno yaanze upya. Baba alipumua kwa sauti.

Lakini mwenye hoteli hakuwa amemaliza. Alikuwa na ndala. Alizitoa kwenye mfuko wa karatasi, akaziweka katikati ya watu.

"Wazee wangu," akasema, "sitaki kumwaibisha mama. Lakini mniambie nyinyi. Mtu anayeanguka kwa bahati mbaya, anavua viatu kwanza? Anavipanga hivi? Huyu alijua anaingia majini. Alikuja kuogelea."

Neno lile lilipotamkwa mbele ya wanaume wote wale, nilimwona shangazi akifumba macho. Baba akanyanyuka nusu, akavutwa chini na jirani. Nilitamani kumrukia yule mtu. Ndipo shangazi akasimama. Alisogea taratibu mpaka ukingo wa turubai, akasimama hapo miguu mitupu, asiketi. Watu wakainama mbele ili wamsikie, mtu ambaye zamani ulihitaji kurudi nyuma ili usikilize.

"Viatu vyako wewe," akamwambia, "viko wapi?"

Mwenye hoteli hakuelewa. "Viatu vyangu?"

"Mm. Viko wapi?"

Kila mtu alitazama. Kando ya turubai la baba viatu vilikuwa vimepangwa mstari mmoja: makubadhi ya wazee, akala za baba za tairi, viatu vya wakili vya kisigino, na mwishoni kabisa, vimepangwa vizuri kushoto na kulia, viatu vyeusi vya ngozi vya mwenye hoteli, vinang'aa.

"Ulivua," shangazi akasema. Alipumzika kidogo, akashika taya. "Ulikuja kuogelea?"

Hakuna aliyecheka. Mimi ambaye hucheka matangani sikucheka.

"Mimi niliona turubai. Nikajua ni pa watu. Nikavua." Akapumzika tena. "Mama yako alikufundisha. Na mimi nilifundishwa. Ulijua. Siku ile ile, ulijua."

Yule mtu alikuwa mzaliwa wa mji huu huu. Aliangalia viatu vyake, akaangalia ndala, na uso wake ukalegea. Alisema kwa sauti ndogo kwamba aliogopa. Harusi ilikuwa kesho yake, leseni ilikuwa mpya, kila alichokuwa nacho kilikuwa kimezikwa kwenye lile shimo. Alijua, ndiyo. Kiongozi wa kikao akamwambia kuogopa kunaeleweka, lakini kuuokoa mkoba wako kwa kumvua mwanamke heshima yake ni dhambi mbili, na moja kati ya hizo haina mbuzi wa kutosha.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya wakili. Alifungua kesi kortini, kisha makubaliano ya wazee yakaandikwa na kupelekwa mbele ya hakimu yawe amri ya korti, ili yasije yakasahaulika mvua ikinyesha. Hospitali ikalipwa, na miezi ambayo shangazi hakufanya biashara ikafidiwa. Ua ukajengwa kuzunguka bwawa, wenye mlango wa kufuli, na mlinzi anayejua kuogelea akaajiriwa. Afisa wa afya alikuja kukagua akautikisa ua kwa mikono miwili mbele yetu.

Sharti moja halikuwa la wakili. Shangazi alisema karatasi ya korti wanawake wa sokoni hawataisoma. Anayetaka kuosha neno alioshe pale lilipochafuka.

Basi asubuhi moja, magari ya Kulamawe yakiwa ndiyo kwanza yanashusha mitungi, mwenye hoteli alifika soko la maziwa. Hakuna mwanamume mwenye akili anayeingia pale saa hiyo. Wanawake walikuwa wanabishana, wanamimina, wanapimana kwa macho, na mbwa mmoja alikuwa analamba kilichomwagika. Alisimama katikati ya mitungi na kanzu yake safi, akakohoa. Shangazi alikuwa ameketi mahali pake pa zamani, akijifanya anahesabu vifuniko.

"Mama huyu," akasema, "hakuja kwangu kuogelea. Alikuwa analeta maziwa. Alianguka kwa sababu nililiacha bwawa langu vibaya. Mimi ndiye nilisema uongo."

"Hatujasikia huku nyuma," akasema yule mwenye tangi, aliyekuja wodini na ndizi.

Akarudia kwa sauti zaidi. Wa upande wa magari wakasema upepo umeyabeba, arudie. Akarudia mara nyingine, jasho likimtiririka, na wanawake sasa walikuwa wanagongana mabega kwa kicheko, wengine wamekaa chini kabisa, na mimi nimeshikilia mlingoti wa kibanda nisianguke. Kila mtu pale alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza.

Shangazi ndiye pekee ambaye hakucheka. Alikuwa amejifunika uso kwa mtandio na analia waziwazi. Wenzake wakasogea, mmoja baada ya mwingine, na yule mwenye tangi akaketi chini kando yake akamshika goti. Mwenye hoteli alisimama tu, hajui aende au abaki.

Mwishowe shangazi alijifuta, akainua kichwa, akamtazama. Aliposema, sauti ilitoka nzima, ile ya kuvuka barabara, na watu wa ng'ambo wakageuka.

"Maziwa utapata kesho. Lakini lango la nyuma sipiti tena. Nitaingilia mbele, pale wageni wanaingilia."

"Karibu mama," akasema.

"Na bei imepanda."